Gome la Chato na Mafuta ya Karafuu



Mwezi uliopita tulipokea barua ya mwanachama wetu mmoja wa Pemba, pamoja na kifurushi kidogo kilichofungwa kwa gazeti. Ndani yake mlikuwa na vipande vitano vya gome la mti, vikavu, vyekundu kwa ndani, vyenye harufu ya vumbi tu. Mwanachama huyu ana kijana wake mwenye duka huko bara, katika mji wa Chato, na kijana ndiye aliyelileta gome hilo. Asema watu wa huko hulisaga wakalitia katika vidonda, na hulichemsha wakanywa kwa tumbo la kuharisha. Wateja wake wamesikia kwamba karafuu nayo yaua vijidudu vya maradhi. Basi amemwomba baba yake ampelekee chupa 12 za mafuta ya karafuu, ayachanganye na unga wa gome, awauzie dawa mbili katika chupa moja.

Baba mtu, kwa kuwa ni mwenye hadhari, ametuuliza kwanza: Je, ni kweli karafuu huua vijidudu? Na gome hili je? Na ikiwa yote mawili ni kweli, kuna ubaya gani kuyauza?

Twaona yafaa tujibu mbele ya wanachama wote, maana si yeye peke yake aliyekwisha tuuliza khabari za mafuta ya karafuu na uganga. Jibu la swali la kwanza ni ndiyo. Jibu la pili, huenda ikawa ndiyo. La tatu ndilo refu, nalo ndilo somo letu la leo.

Kwa wasioijua, Chato ni mji ulioko kando ya Ziwa Viktoria, upande wa kusini-magharibi. Wilaya yake ilikatwa katika Biharamulo mwaka 2005, na tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Geita, mkoa wa dhahabu. Watu wake ni wavuvi wa sangara na dagaa, wakulima wa pamba na mahindi, na wengine huenda machimboni kujaribu bahati. Wamo Wasubi, Wazinza, Wasukuma, Wahaya na wengineo, na kila kabila limekuja na miti yake ya dawa na majina yake. Hili la majina tutalirudia, kwani lina hatari yake.

Sasa natueleze jinsi wataalamu wanavyopima kama mti fulani huua vijidudu. Vijidudu tunavyovisema ni vile viitwavyo bakteria. Ni vidogo hata macho hayavioni bila ya darubini, lakini vikiwekwa mahali penye chakula na joto huzaana upesi, na baada ya usiku mmoja huonekana kama utando. Chakula chake katika maabara ni rojo iliyoganda katika kisahani, na rojo hiyo hutokana na mwani. (Si mwani huu unaolimwa kwetu Paje na Jambiani, wetu hutoa rojo ya namna nyingine. Ni jamaa yake.) Mtaalamu hupaka bakteria juu ya rojo, kisha huweka katikati kijikaratasi cha duara kilichochovywa katika dawa. Kesho yake hutazama. Ikiwa dawa haina nguvu, utando huota mpaka ukingoni mwa kijikaratasi. Ikiwa inayo, hubaki duara safi pasipoota kitu, mfano wa kiwanja kilichopaliliwa katikati ya majani.

Lakini duara safi haitoshi. Yapasa kujua dawa ilikuwa kiasi gani. Hapo ndipo hufanywa kipimo cha pili: dawa hutiwa katika vichupa vingi, kila kimoja kina nusu ya nguvu ya kile kilichotangulia, na bakteria hutiwa sawasawa katika vyote. Kisha hutafutwa kichupa cha mwisho ambacho bakteria wameshindwa kuota. Hicho ndicho kipimo cha chini kinachozuia. Na kuzuia si kuua. Bakteria aliyezuiwa aweza kuamka dawa ikiondoka, kama magugu yaliyokatwa juu mizizi ikaachwa. Kwa hiyo hupimwa tena, kujua ni kiasi gani kinachomwua kabisa.

Vipimo vya namna hii vimefanywa kwa miti ya Afrika ya Mashariki mara nyingi. Katika Chuo cha Muhimbili, Dar es Salaam, kazi ya kuchunguza dawa za asili ilianza mwaka 1974, na hata leo ipo taasisi nzima kwa ajili hiyo. Lakini tutachukua mfano mmoja, kwa sababu mti uliotajwa katika barua yetu umo ndani yake. Mwaka 1998 W. Fabry na R. Ansorg wa Ujerumani, pamoja na P. O. Okemo wa Kenya, walitangaza matokeo ya kupima miti sita ya huku kwetu. Kijana wa Chato asema gome lake ni la mfutambula. Wataalamu huuita mti huo Entada abyssinica, nao ndio wa kwanza katika orodha yao. Pamoja nao walipima mizizi ya mtundakula, matawi machanga ya mti uitwao Terminalia spinosa, mizizi ya mkunju, mmea mdogo wenye maua ya manjano ambao watu huutafuna kwa maumivu ya jino, na mwarobaini ambao hakuna mwanachama asiyeujua. Walivitoa nguvu ya dawa katika maji maji tutakayoyaita mchujo, wakaupima mchujo huo juu ya aina 105 za bakteria, miongoni mwao wale wa majipu, wa kuharisha, wa homa ya matumbo na jamii ya wale wa kifua kikuu.

Matokeo yake yana mambo matatu ambayo twaomba kila msomaji ayashike.

Kwanza, mfutambula haukuwaaibisha wazee. Gome lake, pamoja na mtundakula, Terminalia na gome la mwarobaini, liliwazuia nusu ya bakteria hao kwa vipimo vilivyoanzia miligramu 0.13 mpaka miligramu 8 katika kila mililita moja. Kwa hiyo mtu wa Chato anayesema gome hili lina kitu ndani yake hasemi uwongo. Babu zetu hawakuwa na darubini, lakini walikuwa na macho, na kidonda kilichokauka walikiona.

Pili, mwarobaini uligawanyika. Gome lake lilikuwa na nguvu, lakini majani yake yalihitaji miligramu 8 au zaidi, yaani hayakuwa na nguvu ya kutajwa. Mkunju nao ukawa hivyo hivyo. Wangapi kati yetu huchuma majani ya mwarobaini kwa sababu yako karibu na mkono, na gome twaliacha? Kusema "mti huu ni dawa" ni kusema nusu ya neno. Yapasa kusema sehemu gani, imetolewaje, na kwa bakteria gani. Sisi wakulima wa karafuu tungepaswa kuwa wa mwanzo kulijua hili, kwani mti wetu ni mmoja lakini bei ya karafuu si bei ya makonyo, wala bei ya makonyo si bei ya majani.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote: bakteria wa jamii ya kifua kikuu hawakuzuiwa na mchujo wowote kwa kiasi kilichojaribiwa, cha miligramu 0.5 mpaka 2. Katika nchi ya machimbo vumbi la mawe huwaharibu watu mapafu, na mapafu yaliyoharibiwa na vumbi hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Mchimbaji mwenye kikohozi cha wiki tatu akinunua chupa ya gome dukani kwa kijana wetu, huenda akapata nafuu ya koo kwa sababu ya maji ya moto, akangoja mwezi mwingine, na katika mwezi huo akawaambukiza wenziwe katika kibanda kimoja. Gome halikumwua. Kilichomdhuru ni ule mwezi aliongoja.

Natufanye hesabu kidogo, kwani wanachama wetu ni watu wa mizani. Damu ya mtu mzima yapata lita 5, yaani mililita 5,000. Ikiwa mchujo wahitaji miligramu 1 katika kila mililita ili kumzuia bakteria, basi damu peke yake yahitaji gramu 5 za mchujo uliokaushwa. Ikiwa wahitaji miligramu 8, ni gramu 40. Na hizo ni gramu zinazofika katika damu, si zinazomezwa. Sehemu nyingi ya kitu kimezwacho huvunjwa tumboni na katika ini kabla ya kufika popote. Tena dawa haikai katika damu tu, huenea katika nyama na mafuta ya mwili mzima. Sasa tazama penisilini. Bakteria asiyeizoea huweza kuzuiwa nayo kwa chini ya sehemu moja ya elfu ya miligramu katika mililita. Ndiyo maana kidonge kidogo chatosha. Haya si maneno ya kuudharau mti. Ndani ya gome mna vitu vingi sana, na pengine kimoja tu ndicho chenye kazi, nacho ni kidogo. Wataalamu wakikitenga peke yake huenda kikawa na nguvu kubwa. Lakini mtu anywaye kikombe cha gome lililochemshwa hanywi kile kilichotengwa. Anywa vyote, na kile kimoja hajui amekipata kiasi gani.

Sasa tuje kwenye karafuu yetu.

Karafuu yaua vijidudu, na sababu yajulikana. Mafuta yake, ambayo katika karafuu kavu nzuri hufika sehemu 15 mpaka 20 katika mia, yamejaa kitu kiitwacho eujenoli. Eujenoli huingia katika ngozi nyembamba imzungukayo bakteria, ikaitoboa, na vya ndani vikavuja. Ndiyo hiyo hiyo iletayo ganzi katika jino. Madaktari wa meno huichanganya na unga wa zinki wakaziba meno kwa muda, na hawakuanza jana. Katika kisahani mafuta ya karafuu hufanya duara safi dhidi ya bakteria wengi, na dhidi ya kuvu pia.

Lakini wanachama watuambie: ikiwa karafuu yaua kuvu, mbona karafuu mbichi iliyorundikwa usiku kucha bila kuanikwa huvunda? Kila mchumaji ajua kwamba mvua ikizidi na majamvi hayakutandikwa, rundo hupata joto, hubadilika rangi, huota ukungu, na bei huanguka. Mafuta yamo ndani ya karafuu ile ile! Yamo, lakini yamefungwa katika vifuko vidogo vya tumba la ua, na ukungu uko juu ya ganda penye maji. Dawa na adui wamo nyumba moja na hawakutani. Twaona mfano huu watosha kuliko maneno mengi ya vitabu. Kuwamo kwa dawa ni jambo moja. Kumfikia kijidudu mahali alipo, kwa kiasi kitoshacho, ni jambo jingine.

Na kuchemsha je? Atiaye karafuu katika sufuria iliyo wazi akaichemsha saa nzima huona nyumba nzima inanukia. Ile harufu ni mafuta yanaondoka. Kiwanda cha makonyo cha Wawi, Chake Chake, hukeneka mafuta kwa kanuni hiyo hiyo, ila chenyewe huushika mvuke, hukaupoza, na mafuta ya karafuu kwa kuwa ni mazito kuliko maji yakazama chini. (Mafuta ya nazi huelea. Mwenye kuuziwa chupa ya bei rahisi sokoni na atie tone moja katika bilauri ya maji, aone.) Kwa hiyo kikombe cha maji ya karafuu na chupa ya mafuta ya karafuu si kitu kimoja chenye majina mawili. Cha kwanza ni kinywaji. Cha pili ni kitu kikali sana, na hapa twataka kusema wazi.

Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza waliandika khabari ya mtoto wa miaka miwili aliyekunywa mafuta ya karafuu, mililita 5 mpaka 10, yaani kijiko kimoja au viwili vya chai. Alipoteza fahamu, akashikwa na degedege, na ini lake likaharibika. Alipona kwa sababu alikuwa hospitali kubwa yenye kila kitu. Mafuta yale yale yakimwagwa matupu juu ya ufizi au kidonda huunguza nyama, kwani eujenoli haichagui. Ngozi ya bakteria na ngozi ya mtu zote kwake ni ngozi. Chupa 12 zilizotakiwa Chato, zingewekwa kando ya chupa za soda katika nyumba zenye watoto.

Tutatoa mfano mmoja zaidi, na huu ni wa kwetu wenyewe. Wengi wa wasomaji wa Pemba watakumbuka wafanyakazi waliokuwa wakipita nyumba zenye watoto wachanga, na nyumba nyingine wakapewa dawa ya kupaka kitovu. Dawa ile ni klorheksidini. Hakuna mtaalamu abishaye kwamba yaua bakteria. Madaktari huoshea mikono kabla ya kupasua. Huko Nepal, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2006, watoto waliopakwa kitovuni walikufa kwa uchache zaidi, tofauti ya kama 24 katika mia. Basi ikaonekana ijaribiwe Pemba, na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, ambayo nayo iko Wawi, ilishiriki katika kazi hiyo. Watoto 36,911 waliingizwa. Nusu hivi walipakwa dawa, wengine kitovu chao kiliachwa kikavu na safi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016: katika kila watoto 1,000 waliopakwa walikufa 10.5, na katika kila 1,000 wasiopakwa walikufa 11.7. Tofauti hiyo ni ndogo hata wachunguzi hawakuweza kusema si bahati tu.

Msomaji na atafakari. Dawa yenye nguvu isiyo na shaka katika kisahani, yenye kusaidia kweli huko Nepal, ilipofika kwetu haikuonyesha faida iliyotarajiwa. Si kwamba dawa ilikuwa mbovu. Hali za uzazi, usafi na maradhi za huku na za huko hazilingani. Na jambo hili halikujulikana kwa kutazama kisahani, bali kwa kuwahesabu watoto elfu thelathini na sita, mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba. Ikiwa klorheksidini ilihitaji hesabu hiyo, gome la mfutambula lasamehewaje?

Huenda mtu akasema: nyinyi mwatetea vidonge vya hospitali, na vidonge navyo vimeshindwa. Maneno haya yana ukweli, na hatutayafunika. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ndiyo kwa miaka mingi iliyowapokea wagonjwa mahututi wa upande wote ule wa ziwa, pamoja na Chato. Mwaka 2009 wataalamu wa Mwanza walitangaza kwamba katika bakteria 377 wa kundi moja waliotolewa kwa wagonjwa wa hospitali hiyo, 29 katika mia walikuwa na uwezo wa kuzivunja dawa kali za jamii ya penisilini na jamaa zake. Kwa aina moja, iitwayo Klebsiella, ilikuwa 64 katika mia. Bakteria hujifunza. Kila mtu anayemeza vidonge vitatu badala ya vyote, au anunuaye dawa bila cheti, huwafundisha. Kwa sababu hiyo wataalamu wanarudi mitini kwa haja ya kweli, wakitafuta silaha mpya, na twaomba Mungu awasaidie. Lakini mti nao ukitumiwa nusu nusu hauna kinga ya pekee. Bakteria aliyeizoea penisilini hajaapa kutoizoea gome.

Wapo watakaokumbuka pia kwamba jina la Chato lilisikika sana mwaka 2020, wakati wa korona. Tarehe 3 Mei mwaka ule, hayati Rais Magufuli, ambaye Chato ndiko kwao, akiwa huko alisema atapeleka ndege Madagascar kuleta dawa ya mitishamba. Siku zile watu walijifukiza kwa majani bara na visiwani, na karafuu iliingia katika sufuria nyingi. Hatutaki kufufua mabishano ya wakati ule. Twataja kwa sababu moja tu: korona si bakteria. Ni kirusi, kitu kidogo zaidi, kisicho na ngozi wala maisha ya bakteria. Kwa hiyo duara safi katika kisahani cha bakteria haisemi lolote, wema wala ubaya, juu ya dawa ya korona, wala ya mafua. Mwuzaji atakayekuonyesha picha ya kisahani akakuuzia dawa ya mafua, mwulize hili uone atajibu nini.

Sasa turudi kwenye vidonda, kwani ndivyo vilivyoanzisha barua. Gome hukatwa mtini, huanikwa chini, husagwa katika kinu kilichokaa uani, kisha unga wake hutiwa ndani ya kidonda. Katika udongo wa uani, khasa palipopita ng'ombe na mbuzi, hukaa kijidudu cha pepopunda. Hujifunga katika kifuko kigumu, hungoja miaka, na huweza kustahimili hata maji yanayochemka kwa muda. Katika kidonda kirefu, cha sururu au cha ndoana, kifuko hufunguka. Unga wa gome wenye nguvu ya kuzuia majipu waweza basi kuwa ndio uliobeba pepopunda. Mgonjwa atapona usaha, afe kwa mkakamao wa misuli. Unga wa karafuu ulioanikwa barabarani hauna ubora zaidi katika jambo hili, na tunaomba radhi kwa wanachama ambao bado huanika barabarani, lakini ndivyo ilivyo.

Juu ya majina: Kisukuma kina jina lake kwa mti, Kizinza lake, Kisubi lake, na mara nyingine jina moja ni la miti miwili, mmoja dawa na mmoja sumu. Vipande vitano vya gome visivyo na jani wala ua haviwezi kumwambia mtu yeyote kwa yakini ni mti gani. Sisi tumelitazama gome lile, tumelinusa, na hatuwezi kuapa kuwa ni mfutambula.

Tumemjibu mwanachama wetu kama ifuatavyo. Asipeleke chupa za mafuta kwa ajili ya dawa ya kunywa wala ya vidonda. Ikiwa kijana ataka kuuza karafuu kama kiungo cha chai na pilau, na aagize kwa njia ya halali kwa Shirika la ZSTC. Kupitisha magunia usiku ni magendo, na hilo wanachama wetu hawahitaji kuelezwa. Kuhusu kuuza unga wa gome, bara kuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza lake, na mwenye kutaka kuuza dawa ya asili hana budi kufika huko kwanza. Mteja mwenye kidonda cha machimboni na aoshe kwa maji safi mengi na sabuni, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa sindano ya pepopunda. Mwenye kuharisha, mtoto khasa, na anyweshwe maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa, ya pakiti, kwani aghlabu kinachoua ni kukauka kwa mwili kabla ya kijidudu chenyewe. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi na apimwe makohozi. Dawa ya kifua kikuu hutolewa bure. Na ikiwa mzee wa Chato mwenye kulijua gome hili yu tayari ujuzi wake uandikwe kwa jina lake, na akate tawi lenye majani na maua, alibane katikati ya magazeti mpaka likauke, aandike limekatwa wapi na lini, lipelekwe kwa wataalamu wa Muhimbili.

Kijana ametuma salamu kupitia kwa baba yake. Asema mteja mmoja, mchimbaji aliyekuwa akikohoa tangu mvua za vuli, amekubali kwenda kupimwa, na kwamba mti wenyewe kwa sasa hauna maua. Vile vipande vitano vya gome tumeviweka katika kabati ya ofisi, katika bahasha yenye tarehe.